Baba Alikula Mezani

Oakland, California
6 Machi 1966

Mdogo wangu Otha,

Nimetoka kanisani sasa hivi, miguu inaniwaka kwa kusimama na kwaya, lakini nimesema sivui hata viatu kabla sijakuandikia. Sisi wazima. Raymond bado yuko bandarini anapakua mizigo, mgongo unamsumbua ila ukimuuliza anakwambia hana neno. Mama mkwe ni yule yule, akija kunitembelea anapitisha kidole juu ya kabati kutafuta vumbi. Wifi yangu Lovie hajambo? Na wanangu je? Wabusu kwa niaba ya shangazi yao.

Sasa nisikilize. Tangu Mama atutoke, Baba analala peke yake kwenye nyumba ile inayovuja. Usinune, najua mnamwangalia. Lakini miaka kumi na minne sijamtia baba yangu machoni, na maziko ya Mama yalinipita nikiwa nimelazwa, jambo ambalo halinitoki rohoni. Nataka aje akae nami mpaka baridi ijayo. Tiketi ya basi nimeiweka humu ndani. Anapanda Greenwood, siku tatu barabarani, anashuka Oakland, mimi nimesimama pale.

Jambo moja, na umsomee Baba kwa sauti, maana yeye na herufi hawajawahi kupatana: sitaki boksi la viatu lenye chakula cha njiani. Najua Lovie akisikia neno safari tu anakimbilia kuku na kikaango. Mimi nilikuja huku mwaka 1952 na boksi langu mapajani, kuku, mayai ya kuchemsha, mkate wa mahindi, kwa kuwa hapakuwa na kaunta ya chakula njiani ambayo ingeniuzia Mweusi mimi hata glasi ya maji. Nilikula nimeinamisha kichwa kama mwizi. Zama hizo zimekwisha, Otha. Sheria imebadilika. Basi likisimama, Baba ashuke na abiria wenzake, aingie mlango wa mbele, akae, aagize chakula.

Tena stendi watakuja mama mkwe na kina mama wa kanisa kumpokea. Wenyewe wametoka mashamba ya Louisiana juzi tu, ila ukiwasikia utadhani walizaliwa juu ya lami. Sitaki baba yangu ateremke mbele yao na boksi lililolowa mafuta, limefungwa kamba. Msinitie aibu.

Dada yako,
Ozella


Shamba la Hollis, karibu na Greenwood, Mississippi
27 Machi 1966

Dada Ozella,

Barua yako ilikaa siku nne dukani kwa Bwana Hollis kabla hajakumbuka kuwa ni yetu. Huku ni mvua na matope. Hollis ameleta mashine ya pili ya kuchuma pamba, kwa hiyo msimu huu watu wachache ndio watakaoitwa, na kila mtu anamtazama mwenzake kwa jicho la pembeni. Watoto wazima, huyu mdogo ameota meno mawili na anayatumia. Lovie anakusalimu, anasema wifi yake siku hizi anakaanga maneno tu.

Nilimsomea Baba barazani. Akaniuliza:

"Kasema mlango gani?"

"Wa mbele, Baba."

"Nikishaingia?"

"Unakaa."

"Kando ya Mzungu?"

"Kando ya yeyote."

Alicheka mpaka akakohoa. "Huyu mtoto atafanya nipigwe risasi na kijiko mkononi!"

Lakini amefurahi, Dada. Amenitaka nimsomee tena jana na juzi. Lovie anamfanyisha mazoezi: anamweka mezani, anajifunga aproni, anamuuliza, "Bwana Tarpley, leo utakula nini?" Naye anavua kofia anasimama. Kila mara anasimama! "Kaa, Baba, wanaokula wanakaa!" Basi anakaa ukingoni mwa kiti kama kuku anayetaka kutaga, watoto wanavunjika mbavu.

Sasa na mimi nina langu. Unajua ana kisukari. Vidonge vyake anameza asubuhi na jioni, na nesi wa zahanati alitukazia: asivimeze na tumbo tupu, ataanguka. Siku tatu si mchezo kwa mzee. Lovie anaomba aweke kijiboksi tu, mapaja mawili na mayai manne, kisionekane. Nijibu upesi. Tukiamua wenyewe utasema tumekuvunjia heshima, nakujua.

Otha


Oakland
11 Aprili 1966

Otha,

Heri ya Pasaka iliyopita. Tu wazima, na Raymond amepumzishwa wiki moja, mgongo. Natumaini mvua imewaachia.

Nikuulize, huko kwenu ni mwaka gani? Habari ya vidonge nimeielewa. Ndiyo maana kuna vituo. Jackson kuna kaunta, Shreveport ipo, Dallas, El Paso, Tucson, Los Angeles, kote basi linasimama watu wale. Mfundishe majina hayo ayashike kichwani. Avimeze vidonge mezani, na chakula chake mbele yake, kama watu wengine.

Nitakwambia kitu ambacho sijamwambia mtu. Nilikuwa na miaka saba Baba aliponipeleka mjini kununua viatu. Nikasema nina njaa. Akanishika mkono tukazunguka nyuma ya mkahawa, kwenye lile dirisha dogo la Weusi, akavua kofia akangoja mpaka Wazungu wote ndani wameshiba. Tulikula tumesimama kando ya mapipa ya taka, na yeye akawa anafukuza nzi wasiguse mkate wangu. Sijamsahau alivyosimama siku ile. Ana miaka sabini na moja sasa. Nataka kabla hajafa aketi aletewe sahani, hata mara moja. Ukimpa boksi hataketi, atabaki kwenye kiti cha nyuma anatafuna taratibu mpaka California, na wewe unalijua hilo.

Kwa hiyo jibu ni hapana. Mwambie akifika nitamuuliza alikula wapi na alikula nini, anisimulie sahani kwa sahani.

Ozella


Shamba la Hollis
2 Mei 1966

Dada,

Baba ameondoka leo saa nne asubuhi. Barua hii itamkuta ameshafika kwako, amekaa jikoni anakusumbua.

Alivaa suti aliyomzikia Mama. Kofia ameitia utepe mpya. Kwa vile hasomi, nimeandika anwani yako kwenye karatasi nikaichomeka ndani ya kofia, kwenye ule mkanda wa jasho, nikamwambia akipotea amwonyeshe dereva. Lovie amempangia vidonge kwenye chupa, sita kamili, kimoja jioni kimoja asubuhi mpaka Alhamisi asubuhi.

Pale stendi lile bango la Weusi waliling'oa mwaka juzi, yamebaki matundu ya misumari tu, lakini watu wetu wote bado wanakaa upande ule ule. Baba akaenda huko huko moja kwa moja. Nikamwambia, "Baba, twende tukakae mbele." Akanijibu, "Hapa pana kivuli." Tuko ndani ya nyumba, Ozella. Kivuli gani? Na basi lilipofunguliwa mlango, dereva akamwambia akae popote. Akasema ahsante bwana, akapita viti vitupu vyote mpaka kile cha mwisho kabisa.

Boksi halikwenda. Ulivyotaka ndivyo ilivyokuwa. Lovie hasemi nami tangu tuondoke stendi, na mimi sina la kuongeza.

Akifika tupigie telegramu.

Otha


Oakland
5 Juni 1966

Mdogo wangu,

Salamu kwako na kwa Lovie na kwa watoto. Pole kwetu sote. Telegramu zangu mbili ulizipata, ya kwanza kuwa Baba amefika mgonjwa, ya pili kuwa Baba hayupo tena. Najua telegramu haisemi kitu. Nilikuwa sina nguvu ya kuandika.

Alifika Alhamisi mchana. Dereva na abiria mmoja walimteremsha wamemshika huku na huku, fahamu hana. Tukamkimbiza hospitali. Akakaa siku nne, Jumatatu alfajiri akaenda zake. Ni moyo, Otha. Moyo na umri na urefu wa safari. Hakuna ambaye angeweza kufanya lolote.

Alifumbua macho mara moja tu, Jumamosi. Nikamwinamia nikamuuliza, "Baba, njiani ulikula?" Akaniambia, "Nilikula mezani, Ozella. Kule Texas. Nyama ya nguruwe, viazi, na pai ya matofaa. Binti wa kaunta akaniita bwana." Kisha akatabasamu, akalala. Hakusema neno jingine mpaka mwisho. Nakuomba ulishike hilo kama ninavyolishika mimi. Alikula mezani.

Tumemzika huku huku. Kwaya ilijaa, na maua yalikuwa mengi, mama mkwe alilia kuliko mimi. Najua nafasi yake iko kando ya Mama. Usinilaumu, sikuweza kumpandisha safarini tena. Kofia yake haikuonekana, nadhani ilibaki kwenye basi.

Ozella


Shamba la Hollis
10 Julai 1966

Dada,

Tu wazima. Jua kali.

Umemzika baba yetu katikati ya watu wasiojua hata jina la mbwa wake. Mbwa mwenyewe analala barazani anatazama barabara. Kila asubuhi napita hapo kwenda shamba, na nafasi kando ya Mama iko wazi nimeifyekea majani, nami ni mwanamume mzima nalia mbele ya mbwa.

Lovie alimweleza nesi habari zote. Nesi akauliza, huyo mzee alikuwa anakula? Chupa ya vidonge mliikuta na vingapi? Anasema aliyefika hivyo, fahamu hana baada ya siku tatu, yeye hamfikirii moyo kwanza.

Basi sitaki kusikia tena habari ya maua. Mimi na wewe tumemjua Baba. Asingeweza kukaa kando ya Mzungu akaagiza pai. Alikula au hakula?

Otha


Oakland
18 Septemba 1966

Otha, mdogo wangu,

Nimekaa na barua yako zaidi ya miezi miwili. Mara tatu nimeandika jibu nikalichana. Raymond mzima, amepewa kazi ya kukaa. Nyumbani kwangu hakuna jingine la kusimulia, siimbi tena kwaya.

Jumatano iliyopita alibisha hodi mwanamke simjui, mtu mzima, ameshika mfuko wa karatasi. "Wewe ndiye binti wa Bwana Tarpley?" Ndani ya mfuko mlikuwa na kofia ya Baba. Jina lake Bi Verdell Stokes, alipandia Dallas kumfuata mwanawe hapa Richmond, jirani na kwetu, akakaa kiti kimoja na Baba mpaka mwisho. Kofia ilichanganyika na mizigo yake, na karatasi yako aliiona juzi tu alipokuwa akiipiga brashi. Nilimwambia aketi. Nikamuuliza kama alimwona baba yangu akila.

Akasema, "Mwanangu, ukweli unautaka au hutaki?"

Baba hakula, Otha. Alimwambia Bi Verdell kuwa tangu Greenwood hajashuka kula, na kituo cha kwanza alichoshuka ni huko Texas ya magharibi. Bi Verdell alimtazama dirishani. Alikwenda mpaka mlango wa mbele, akavua kofia, akasimama. Watu wakampita wakiingia na kutoka, hakuna aliyemzuia. Kisha akageuka akazunguka nyuma ya jengo. Alikuwa anatafuta lile dirisha dogo. Akazunguka mara mbili. Halipo, wameliziba kwa matofali, na matofali mapya yanaonekana. Dereva akapiga honi, Baba akarudi kitini. Bi Verdell akamuuliza, "Umepata kitu?" Akasema, "Nimeshiba, mama."

Vituo vilivyofuata hakushuka tena. Kila jioni na kila asubuhi alitoa chupa, akameza kidonge kwa maji ya bomba aliyopewa na dereva, kwa kuwa Lovie alimwambia asikose hata kimoja. Na Bi Verdell alikuwa na boksi, Otha. La viatu, lenye kuku. Alimfungulia mapajani kabisa. Baba akalisukuma kwa adabu, akasema, "Ahsante, lakini binti yangu amenikataza boksi. Nitakula mezani, ana hamu nimsimulie." Siku ya mwisho alikuwa anatokwa jasho na kuongea ovyo. Alikuwa anarudia nyama ya nguruwe, viazi, pai ya matofaa. Bi Verdell alidhani ni homa. Mimi najua alikuwa anajifunza maneno ya kuniambia.

Daktari hakusema moyo. Alisema sukari ilishuka mpaka chini, kwa vidonge na njaa. Chupa ilikuwa tupu. Nilikudanganya, na sikumleta nyumbani kwa kuwa niliogopa maswali ya nesi wenu.

Nilikwambia nataka aketi, na ni kweli. Lakini nusu ya kweli. Nusu nyingine ni wale kina mama na kofia zao za Jumapili. Wamekuja, wamesimama mstari, Baba anapita mbele yao amebebwa. Hakuna hata mmoja aliyeangalia mikononi mwake kama ana boksi au hana.

Mimi ndiye niliyemuua. Wewe ulinionya, na Lovie alinionya. Mikono yenu ni safi, mshukuruni Mungu kwa hilo. Kofia ninayo. Niambie niitume au niifanyeje.

Ozella


Shamba la Hollis
9 Oktoba 1966

Dada yangu Ozella,

Pamba imekwisha kutolewa, mashine mbili zimefanya kazi ya watu mia. Watoto wanaendelea vizuri. Lovie aliisikiliza barua yako mpaka mwisho, akatoka nje, akakaa na mbwa.

Kofia usiitume. Nitakuja kuichukua mwenyewe Krismasi, kwa basi, na tutakaa tuzungumze namna ya kumrudisha mzee kando ya Mama. Lakini kabla sijapanda basi hilo lazima ulijue jambo hili, maana umeandika kuwa mikono yetu ni safi, na tangu nisome hilo sipati usingizi. Lovie ndiye mwenye mikono safi. Mimi sina.

Lovie alilipika boksi. Aliamka alfajiri ile akakaanga, hakumuuliza mtu, akaja nalo stendi chini ya shali. Baba alipokaa kwenye kiti cha nyuma, akampitishia dirishani. Baba akalipokea, akalinusa, akacheka. Kisha akaniona namtazama, akanirudishia kama mtoto aliyekamatwa. "Ozella kakataza," akasema.

Basi likawashwa. Na hapo akabadili nia. Alitoa mkono dirishani, Dada, mkono mzima mpaka begani, akaniambia, "Nipe tu, Otha. Nipe mwanangu, sitamwambia." Uso wake ulikuwa wa mtu mwenye hofu, niliuona vizuri. Na mimi nilikuwa na kinyongo na wewe, kwamba umeondoka zako miaka yote hiyo, sisi tumemlea na kumuuguza, halafu unatutumia amri kwa barua na sisi tunaogopa mafuta yasiwachafue wenzako. Nikasema moyoni, ametaka hivi, ataona. Nikalificha boksi nyuma ya mgongo nikampigia kelele za utani, "Mezani, Bwana Tarpley! Mezani!" Watu wa stendi wakacheka. Baba akacheka na wao, kwa kuwa watu walikuwa wanacheka. Mkono ulikuwa bado nje basi lilipokata kona.

Lovie alitaka tulikimbize boksi kwa gari mpaka kituo kinachofuata. Nikamwambia aache ujinga.

Tukarudi nyumbani na boksi lipo kwenye kiti katikati yetu, harufu imejaa garini, watoto nyuma wanalia njaa. Penye daraja nikasimamisha gari, nikalifungua. Tulimla yule kuku, Dada. Mimi na watoto, mpaka mifupa, na mayai yote manne. Alikuwa bado ana vuguvugu na alikuwa mtamu sana. Lovie hakugusa.

Mdogo wako,
Otha